Kimeta: mlango wa kwanza hufunguliwa na kisu

Mwezi wa nne mwaka 2025, mizoga ya viboko ilianza kuonekana ikielea kwenye mto Ishasha na upande wa kusini wa ziwa Edward, ndani ya mbuga ya Virunga. Wakuu wa mbuga walitaja viboko wapatao 50 pamoja na wanyama wengine wakubwa. Vipimo vya maabara vilithibitisha kimeta, ugonjwa ambao wengi huku wanaujua kwa jina la Kifaransa, charbon. Taasisi ya kulinda maumbile, ICCN, iliwaomba wakaaji wasikaribie wanyama wa pori na wachemshe maji kabla ya kuyanywa.

Kwa mkaaji wa Butembo au Beni, Ishasha inaonekana kuwa mbali. Lakini ziwa Edward haliko mbali na sahani yake. Samaki wa Kyavinyonge wanauzwa katika masoko ya miji hii miwili karibu kila siku. Nyama ya pori nayo inasafiri, mara nyingi usiku, imefunikwa nyuma ya pikipiki, bila mtu yeyote kuulizwa mnyama alikufaje. Ng'ombe na mbuzi wa Lubero na Beni wanachinjwa kila juma, na si wote wanapita mbele ya daktari wa mifugo.

Neno lililotolewa wakati huo lilikuwa fupi: msiguse. Ni neno sahihi. Lakini katika miji iliyosikia neno hilo hilo kwa karibu miaka miwili ya Ebola, neno peke yake halitoshi. Watu wanaoambiwa wasiguse wana haki ya kuambiwa pia kwa nini.

Kumbukumbu bado ni mbichi. Ebola ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ikianzia Mangina, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Watu zaidi ya 3,400 waliugua, na karibu 2,300 walikufa. Beni, Butembo na Katwa zililipa sehemu kubwa ya bei hiyo. Amri zilikuwa nyingi: usimguse mgonjwa, usimwoshe marehemu, usile nyama ya pori. Maelezo yalichelewa, na mara nyingi yalikuja kwa Kifaransa, katika vinywa vya wageni waliolindwa na silaha. Pengo hilo lilijazwa na uvumi. Mwezi wa pili 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya siku chache. Usalama mbaya na siasa vilikuwa na sehemu yao, lakini amri isiyo na maelezo ilisaidia kuuwasha moto huo.

Kosa hilo lisirudiwe kwa kimeta, hasa kwa kuwa ugonjwa huu unaweza kuelezwa kwa maneno ambayo kila mtu anayaelewa.

Mwanzo wake ni udongo. Bakteria wa kimeta, wanapokosa mahali pa kuishi, hujifunga katika ganda gumu na kuwa kama mbegu. Mbegu hiyo haili, haisogei na haizai. Inangoja tu, na inaweza kungoja miaka makumi, ikistahimili jua, ukame na mvua. Mnyama mla majani, awe kiboko, nyati, ng'ombe au mbuzi, huimeza pamoja na majani au maji. Ndani ya mwili wenye joto na chakula kingi mbegu inaamka, inakuwa bakteria hai na kuanza kuzaana. Mnyama anaweza kufa kwa siku chache, wakati mwingine ghafla, bila mwenyewe kuona dalili yoyote.

Hapo ndipo mtu anaingia katika hadithi hii. Mzoga ukibaki mzima bila kupasuliwa, bakteria wengi waliomo ndani hufa pamoja na kuoza kwa nyama. Ukipasuliwa, damu inakutana na hewa, na bakteria hujifunga tena kuwa mbegu kwa mamilioni. Mbegu hizo zinabaki kwenye kisu, kwenye mikono, kwenye ngozi ya mnyama, kwenye nguo na kwenye udongo ambao ng'ombe wa mwaka ujao atakuja kulisha. Kwa hiyo katazo la kupasua mzoga halikutungwa na wazungu ili kuwanyima watu nyama. Anayepasua mzoga anaugeuza mzoga mmoja kuwa shamba la mbegu.

Ngozi nzima ya mtu ni ukuta mzuri. Lakini ni mikono mingapi ya mkulima, ya mvuvi au ya muuza nyama isiyo na mchubuko? Mbegu inaingia pale. Askari wa mwili, yaani seli zinazozunguka zikimeza uchafu na vijidudu, huimeza kama wanavyomeza vingine vyote. Kwa vijidudu vingi huo ndio mwisho. Kwa kimeta ndio mwanzo, kwa sababu mbegu huamka ndani ya askari yule yule aliyekuja kuiua, kisha hutoka na kujivika koti ambalo askari wengine hushindwa kulishika.

Baada ya hapo bakteria hahitaji kuingia ndani ya kila seli. Anatuma sumu. Sumu yake ina sehemu tatu, na hakuna hata moja inayoua ikiwa peke yake. Sehemu ya kwanza ni mshikaji. Sehemu mbili nyingine ni mzigo.

Mshikaji anatafuta kishikio. Juu ya seli za mwili kuna vishikio vingi ambavyo seli hutumia kwa kazi zake, kwa mfano kujishikiza kwenye nyama inayoizunguka. Mwaka 2001 watafiti nchini Marekani walitambua kishikio cha kwanza ambacho sumu ya kimeta hukamata, na miaka miwili baadaye kikajulikana cha pili. Mshikaji anapokamata kishikio, kimeng'enya cha seli yenyewe kinamkata kipande. Akishakatwa, anaungana na wenzake, mara nyingi saba, wakawa kama pete. Ndipo mzigo unapakiwa juu ya pete hiyo.

Anayejua mpaka wa Kasindi ataelewa kinachofuata. Lori lenye karatasi halali linafunguliwa kizuizi, hata kama chini ya turubai kuna kitu kingine. Seli nayo, ikiona kishikio chake kimeshikwa, inavuta pete na mzigo wake ndani ya kifuko kidogo, kama inavyovuta chakula. Kifuko hicho kinakuwa na asidi, kwa sababu ndivyo seli inavyoyeyusha vitu ilivyomeza. Asidi hiyo hiyo inaigeuza pete kuwa bomba linalotoboa ukuta wa kifuko, na mzigo unapita humo hadi ndani ya seli. Kila hatua ya safari imefanywa kwa vyombo vya seli yenyewe.

Ndani, sehemu moja ya mzigo inakata nyaya ambazo seli hutumia kupeleka habari, na ulinzi wa mwili unazimika. Nyingine inaharibu mpangilio wa maji, na mahali pale panavimba. Ndiyo sababu kidonda cha kimeta kinakuwa na uvimbe mkubwa pembeni, na katikati kinakuwa cheusi kama makala. Neno la Kifaransa charbon lina maana hiyo hiyo: makala.

Maelezo haya si ya darasani tu. Yanajibu swali ambalo familia nyingi hujiuliza mbele ya kitanda cha mgonjwa: kwa nini dawa ilitolewa na mtu bado akafa? Antibiotiki, kama penisilini, siprofloksasini na doksisiklini, huua bakteria. Haziwezi kuitoa sumu ambayo imekwisha kuingia katika seli. Mgonjwa wa kimeta cha ngozi anayepewa dawa mapema hupona karibu kila mara. Asipotibiwa, mmoja kati ya watano anaweza kufa. Kimeta cha tumboni, kinachotokana na kula nyama yenye ugonjwa, ni kikali zaidi. Tofauti kati ya kupona na kufa mara nyingi ni siku chache, na siku hizo hupotea kwa sababu kidonda hakiumi. Kinaanza kama mahali palipoumwa na mdudu, kinawasha, kinatoa lengelenge, kisha kinakuwa cheusi. Mtu anakidharau kwa kuwa hasikii maumivu.

Kukamata kishikio cha seli ni njia ya maadui wengi, kila mmoja kwa namna yake. Bakteria wa tauni, ambao Ituri jirani inawajua tangu zamani kupitia panya na viroboto, hujibandika kwenye seli na kuichoma kama kwa sindano, wakimimina sumu ndani. Virusi vya Ebola, ambavyo si bakteria na haviuawi na antibiotiki, hujiacha vimezwe, kisha ndani ya kifuko hutafuta kishikio kimoja maalumu ambacho bila hicho haviwezi kutoka.

Na ni hapa hapa, Beni na Butembo, ambako ulimwengu ulipata ushahidi kwamba mlango huo unaweza kuzibwa. Kuanzia mwezi wa kumi na moja 2018, wagonjwa wa Ebola wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina walikubali kushiriki katika jaribio la dawa nne, chini ya taasisi ya INRB ya profesa Jean-Jacques Muyembe na washirika wake. Walikuwa wagonjwa 681. Dawa mbili zilishinda. Moja yake, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Ni kingamwili inayokaa pale pale ambapo virusi vingeshika kishikio cha seli. Mahali pakishakaliwa, virusi havina pa kushika. Kati ya wagonjwa waliopewa dawa hiyo wakiwa bado na virusi vichache mwilini, aliyekufa alikuwa kama mmoja kwa kumi. Watu wa miji hii, ambao mara nyingi walielezwa kuwa wakaidi, ndio waliowapa wanadamu jibu hilo.

Kwa kimeta pia kuna dawa za namna hiyo, zinazomzuia mshikaji asikamate seli. Marekani ilikubali ya kwanza mwaka 2012. Lakini kuzitegemea katika kituo cha afya cha kijiji cha Lubero ni ndoto. Mlango wa mwisho, ule wa seli, unalindwa kwa dawa ghali na katika hospitali kubwa. Mlango wa kwanza, ule wa mzoga, unalindwa bure, na mtu asiyetumia kisu chake. Ndiyo maana nguvu ya kwanza lazima iwekwe hapo.

Kuna majibu mawili ambayo kila mhamasishaji atayasikia sokoni, na hayafai kudharauliwa.

La kwanza ni hili: tulikula na hatukufa. Inawezekana kabisa. Si kila mnyama aliyekufa alikuwa na kimeta, na si kila anayekutana na mbegu anaugua, kwa sababu idadi ya mbegu na mahali zilipoingilia vina uzito. Lakini anayekula mara kumi na kusalimika hajathibitisha kwamba nyama ni salama. Amethibitisha tu kwamba mara hizo kumi alikuwa na bahati. Wala chungu si mlinzi wa kuaminika. Mbegu za kimeta hustahimili joto kuliko vijidudu vya kawaida, na aliyechuna ngozi na kukata nyama amekwisha kujiweka hatarini kabla moto haujawashwa.

La pili ni zito zaidi: njaa. Mashariki ya Beni na sehemu kubwa ya Lubero, watu wamekimbia mashamba yao kwa sababu ya mauaji ya ADF na ya vita vya M23. Familia iliyoacha mihogo yake ardhini na kupanga chumba kimoja Butembo haihitaji mhadhara kuhusu bakteria ili ijue kwamba kilo ya nyama ya bei nafuu ni chakula cha siku mbili. Mfugaji aliye na ng'ombe watatu na mmoja akafa usiku, anaona ada ya shule ya mwaka mzima ikilala chini. Kumwambia auzike bila kumpa chochote ni kumwomba awe tajiri kwa siku moja.

Kwa hiyo serikali ya jimbo na washirika wake hawawezi kuishia kwenye matangazo ya redio. Jambo la kwanza ni fidia, hata ndogo, kwa mfugaji anayetoa habari ya mnyama aliyekufa ghafla na kukubali azikwe. Fidia ya ng'ombe mmoja ni ndogo kuliko gharama ya kutibu familia kumi. Bila hiyo, mnyama atauzwa gizani, na bei yake nafuu itampeleka kwenye sahani za maskini kwanza.

La pili ni chanjo ya mifugo. Chanjo ya kimeta si kitu kipya: Louis Pasteur aliionyesha hadharani Ufaransa mwaka 1881, na ile inayotumiwa leo duniani ilitengenezwa miaka ya 1930. Inatolewa kila mwaka mahali penye ugonjwa. Upande wa pili wa ziwa, katika mbuga ya Queen Elizabeth nchini Uganda, kimeta kiliua mamia ya viboko mwaka 2004 na 2005, na kikarudi mwaka 2010. Onyo lilikuwepo muda mrefu kabla ya Ishasha. Ng'ombe wanaolisha karibu na mbuga hawapaswi kungoja mizoga mingine ndipo wachanjwe.

La tatu ni ukaguzi wa kweli. Daktari wa mifugo asiyelipwa hawezi kukatalia nyama ya tajiri. Machinjio ya Butembo na ya Beni, masoko yake, na barabara zinazotoka ziwani zinahitaji wakaguzi wenye mshahara na wenye ulinzi wa viongozi wao. Muhuri kwenye nyama uwe ushahidi kwamba mtu ameiangalia, wala usiwe risiti ya franka zilizotolewa.

La nne ni dawa katika vituo vidogo vya afya, pamoja na muuguzi aliyefundishwa kukitambua kidonda cheusi kisichouma na kuuliza: uligusa mnyama gani? Penisilini si dawa ya ajabu. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuuliza swali hilo mapema.

La tano ni kwamba anayetoa habari asigeuzwe mshtakiwa. Viboko wa Virunga wanalindwa na sheria, na ni haki. Walikuwa zaidi ya 20,000, wakapungua hadi mia chache mwaka 2006, na kabla ya kimeta hiki walikuwa wamepanda hadi karibu 1,200. Lakini mvuvi anayekuta kiboko amekufa majini na kuogopa kuitwa jangili atanyamaza. Njia ya kutoa habari kupitia shefu wa kijiji au nyumbakumi, bila kukamatwa, ingelinda mbuga na watu pamoja. Na wale wanaoshika silaha kandokando ya ziwa, upande wowote walioko, wawaachie njia madaktari wa mifugo na wazikaji wa mizoga. Mwaka 2025 wakuu wa mbuga walieleza kwamba ugumu wa kufika mahali ulikwamisha kazi ya kuzika.

Pia hofu isivuke mipaka. Kimeta ni ugonjwa wa wanyama wenye damu ya moto, hasa wala majani. Samaki hawamo. Wamama wanaouza samaki wa Kyavinyonge hawastahili kupoteza wateja kwa sababu ya uvumi. Na mgonjwa wa kimeta si mgonjwa wa Ebola: ugonjwa huu kwa kawaida haupiti kutoka mtu hadi mtu. Hakuna sababu ya kumkimbia wala kumficha.

Kwa sasa, kila nyumba inaweza kushika mambo machache. Mnyama aliyekufa ghafla, tumbo likivimba haraka, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani, mdomoni au nyuma, asichunwe, asikatwe, asiburutwe na asitupwe mtoni. Watoto na mbwa wawekwe mbali. Habari ipelekwe kwa shefu, kwa daktari wa mifugo au kwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Aliyekwisha kugusa aoshe mikono kwa sabuni na maji mengi, na akiona kipele kinachogeuka cheusi aende kituoni, hata kama hakimuumi.

Maelezo haya yatolewe kwa Kiswahili na Kinande, makanisani, misikitini, shuleni na sokoni, na watu wanaoishi na wasikilizaji wao. Yatolewe sasa, kabla ya mzoga mwingine kuonekana, maana siku mzoga utakapoonekana mwenye kisu atafika kabla ya daktari. Uamuzi wake utategemea alichokwisha kuelezwa, na kama kuna mtu wa kumlipa ng'ombe wake.